Usiku Mwalimu wa Nidhamu Alipoachiwa Mtoto

Soma hii mpaka mwisho, halafu mrushie yule baba wa kwenye kundi lenu anayesema kulea mtoto ni kazi ya kukaa tu. Unamjua. Usimwonee haya, mrushie.

Palikuwa na mwalimu wa nidhamu, jina lake Mwakalobo. Shule nzima ilimwogopa kuliko mtihani. Akikohoa tu langoni, watoto wanabana midomo, kuku wa mpishi wananyamaza, hata walimu wenzake wanaficha simu. Sisi wengine tuliiacha shule ikiwa bado inatuhitaji, na vikohozi vya namna hiyo vilichangia.

Kwake yeye ukimya ndio ulikuwa kipimo cha kila kitu. Darasa likipiga kelele limeharibika, likinyamaza limenyooka. Hakuwa na hesabu nyingine.

Siku moja mkewe, Tumpe, akaitwa msibani kwao. Mtoto wao Ambokile, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, ikabidi abaki na baba.

"Utamuweza?" Tumpe akauliza, mguu mmoja nje.

"Mama Ambokile, mimi nanyamazisha shule nzima. Huyu mwenye meno manne ndiye atanishinda?"

Tumpe akachukua mkoba wake, akaenda.

Mchana ule ule tumbo la mtoto likafunguka. Anaharisha, anatapika, anaharisha tena kabla hajamaliza kutapika. Mwalimu akambeba mpaka zahanati. Nesi akampa pakiti za ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji safi, akamwambia:

"Mpe kijiko kimoja kimoja, usiku kucha. Akitapika, subiri kidogo, kisha endelea. Usikatize, baba. Na ukiona hanywi tena, au amelegea, mlete hata kama ni usiku wa manane."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia mwanafunzi anayeeleza kwa nini amechelewa. Masikio yapo, kusikia hakupo.

Usiku ukaingia. Kijiko? Mwalimu aliona kijiko ni mchezo wa kombolela. Akamnywesha kikombe kizima kwa mpigo, na kikombe kizima kikarudi kwenye shati la baba. Akambadilisha nepi, mtoto akaichafua. Akambadilisha tena, akaichafua kabla haijafungwa. Nepi zikaisha. Zikafuata kanga za Tumpe, yakafuata mataulo, ikafuata suruali ya kazini, ile yenye mkunjo.

Na kilio sasa! Ambokile alilia kama anayedai urithi.

"Nyamaza," mwalimu akasema.

Mtoto akaongeza sauti.

"Nimesema nyamaza!"

Mwisho akatoa silaha yake. Akakohoa. Mtoto akanyamaza kweli, akamtazama babake kwa makini, akakunja uso, akajikamua, akaimaliza na ile suruali. Kisha akaendelea na kilio pale pale alipoishia.

Ukuta ukagongwa. Nyumba za walimu pale zimeshikana, na upande wa pili aliishi Mama Gwamaka, mke wa mwalimu wa hesabu, mwanamke ambaye mdomo wake hauna pazia.

"Mwalimu! Unampa maji au unamsomea sheria za shule?"

"Nampa, jirani! Anayatoa yote! Juu anatoa, chini anatoa!"

"Sasa si ndiyo umpe mengine? Kijiko kijiko! Nije?"

"Lala, mama. Nina utaratibu wangu!"

Utaratibu wenyewe ulikuwa huu. Mwalimu alikaa kitandani, amelowa, ananuka, macho yamemtoka kwa hasira, akapiga akili. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Sasa kisipoingia kitu, kitatoka nini? Funga bomba, uone kama maji yatamwagika. Akachukua kikombe cha dawa akakiweka juu ya kabati. Alijiona ana akili kuliko waliomtungia vitabu vya kufundishia.

Ambokile akalia huku amenyoosha mikono kulekule kwenye kabati. Mwalimu akampa mgongo. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi. Kwikwi ikawa mlio mwembamba, kama wa kitoto cha paka. Mara kimya.

Mwalimu akageuka, akatazama kile kipande cha shuka alichokifunga kuwa nepi. Safi! Akachukua simu akamwandikia mkewe: "Nimemweza. Hatapiki, haharishi, halii. Kalala."

Alfajiri akasikia hodi. Alikuwa Mama Gwamaka, kanga kaifunga kombokombo.

"Mwalimu, mbona kimya?"

"Nidhamu, jirani," akajibu, anatabasamu.

Mama Gwamaka akampita kama anapita nguzo, akamshika mtoto. Midomo imekauka mpaka inabanduka. Macho yamezama ndani. Akaifinya ngozi ya tumbo kidogo, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama vile vile, kama kitambaa kilichopigwa mkunjo. Akagusa nepi. Ilikuwa kavu kama imetoka kuanuliwa, hata mkojo hamna.

"Huyu hajalala," akasema, na mara hii sauti yake haikuwa na utani. "Huyu ameishiwa hata machozi ya kulilia. Beba mtoto, mwalimu! Beba!"

Mwalimu wa nidhamu akatoka mbio na fulana ya ndani, miguu mitupu, mtoto kifuani. Njiani akapishana na wanafunzi wake wanawahi namba shuleni. Wakasimama wakashangaa. Hakuwaona.

Hospitali wakatafuta mshipa. Sindano ikaingia mkononi, ikakosa. Ikaingia tena, ikakosa. Ikahamia mguuni, ikapata.

Mtoto hakulia.

Hapo ndipo mwalimu alipoelewa. Sindano tatu, na mwanawe hata kope hakutikisa. Ukimya alioupenda miaka yote ulikuwa mbele yake, umelala kitandani, umevaa nepi. Akainama sikioni mwa mtoto.

"Lia, baba," akanong'ona. "Ambokile, lia kidogo tu. Sikugombezi."

Mama Gwamaka, aliyewafuata mbio mpaka hospitali, akageuza uso akatazama dirishani.

Dripu ikawa inadondoka tone tone. Jua likapanda. Nesi aliporuhusu, mwalimu akashika kijiko: kimoja, anasubiri, kingine, anasubiri. Kijiko hakumpa mtu mwingine. Mtoto akatapika kidogo, mwalimu akasubiri, akaanza upya. Hakulalamika hata kwa kuguna.

Mchana umesimama, Ambokile akakunja uso. Midomo ikatetemeka. Akafungua kinywa, akaachia kilio kilichoamsha wodi nzima, na kwenye shavu likateremka chozi.

Nesi wa zamu akaja mbio. "Baba, hebu mnyamazishe mwanao! Kuna wagonjwa humu!"

Mwalimu alikuwa amemkumbatia mtoto, na yeye mwenyewe shavu halikuwa kavu.

"Nisameheni, jamani," akawaambia wodi nzima. "Mwacheni alie. Kumnyamazisha nilishamnyamazisha jana, nusura nimzike leo."

Funzo: Usikimbilie kufurahi anayekutegemea akiacha kukulilia. Anayelia bado ana nguvu ya kukuita; aliyenyamaza, mguse kwanza, ujue kama ametulia au ameishiwa.