Uzi wa Fundi Cherehani

Mdomo husema sijambo, uzi husema kweli. Mmeisikia leo, mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Kijijini Kwemlaa alikuwapo mganga, Mzee Shekighenda, mwenye majani ya kutuliza uvimbe na majivuno yasiyotulizwa na jani lolote. Ushahidi wake ulikuwa mmoja: kila asubuhi aliwapitia wagonjwa na kuwauliza, "Hujambo?" Wote walijibu, "Sijambo." Hivyo akajitangazia kwamba ameponya watu kumi na saba.

Ndipo Bi Mwantumu, fundi cherehani, akavimba miguu yote miwili kwa kukanyaga mashine kutwa. Sare za wanafunzi arobaini zilikuwa hazijashonwa, na shule ingefunguliwa baada ya siku nane. Mzee akachemsha majani, akampaka, na kesho yake akaja kifua mbele.

"Hujambo, Bi Mwantumu?"

"Sijambo, mzee wangu."

"Wa kumi na nane!"

"Wa kumi na nane wa nini? Huoni miguu imekuwa mitungi?"

"Si umesema hujambo?"

"Ulitaka nikutukane? Hapa kwetu hata anayekata roho husema sijambo."

Mzee aliketi juu ya furushi la vitambaa. Akawakumbuka wale kumi na saba, hasa mmoja aliyesema sijambo huku amebebwa na watu wanne.

"Sasa nitajuaje?" akauliza kwa sauti ndogo.

Bi Mwantumu alikata nyuzi mbili. Akazungusha mmoja kila mguu, juu ya kifundo, akafunga pale ulipobana.

"Wa kulia upake dawa. Wa kushoto upake maji matupu. Mimi usiniulize kitu."

Siku mbili zikapita. Nyuzi zote mbili zilikuwa bado zimeuma nyama. Mganga mwingine angelaumu majini; Mzee Shekighenda, kwa mara ya kwanza maishani, alilaumu chungu chake.

"Labda moto ndio unaoiua dawa," alisema.

Akatwanga majani mabichi, akayakamua kwa kitambaa, akapaka maji yake mguu wa kulia peke yake. Kesho yake kidole kilipita chini ya uzi. Siku iliyofuata uzi wa kulia uliteleza ukalala kwenye kisigino. Wa kushoto ulikuwa bado umeng'ang'ania kama kupe.

Mzee alifungua kinywa kutoa hotuba.

"Hotuba baadaye," alisema Bi Mwantumu. "Paka na huu wa kushoto, mimi nina sare."

Akaanza kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Shule ilipofunguliwa, watoto arobaini walisimama mstarini na sare mpya, ingawa wachache walishikilia suruali kwa mkono kwa kukosa vifungo.

Jirani akamvuta Mzee kando. "Hebu niambie, dawa yako inafaa kweli?"

"Mimi usiniulize," alijibu Mzee Shekighenda. "Mdomo husema sijambo, uzi husema kweli."