Alfajiri Isiyopigwa Baragumu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, kulikuwa na kijiji cha Kivindu, kule juu milimani Upareni. Mahindi ya Kivindu, bwana, hindi moja lilibebwa na watu wawili, wa tatu anasukuma. Yote hiyo ni kazi ya ndiva, bwawa la kijiji linalojaa usiku kucha, alfajiri linafunguliwa, maji yanashuka mferejini mpaka mashamba ya bondeni.

Ndiva ina sheria moja. Kabla ya kuifungua, mlinzi wake anapiga baragumu. Ukilisikia, toka mferejini. Usipolisikia, fanya kazi yako, mfereji salama. Hata mtoto anayetambaa Kivindu aliijua hiyo.

Basi, ikaja kampuni. Inataka bonde lote, ijenge nyumba za watu wa mjini, nyingi mpaka kunguru angechoka njiani akizivuka. Kijiji kikasema hapana. Kampuni ikachinja ng'ombe, ikapika pilau, harufu ikafika Mombasa. Wengi wakafunga midomo, hawakuonja. Wachache wakaenda kula, na mmoja wao alikuwa Mbonea, mume wa Nakundwa.

"Nimekula nyama, sijauza shamba," Mbonea alimwambia mkewe.

"Waliokupakulia hawajui hivyo, Baba Niendiwe."

Kampuni ikaleta matingatinga, ikayapanga bondeni. Makubwa hayo, jua likifika pale linazunguka. Madereva wakapewa pa kulala shuleni, mlimani. Kesho yake kazi ianze.

Wale wasiokula wakaitana. Akasimama Kadeghe, mtu wa maneno mengi. "Alfajiri tufungue ndiva yote, mlango wote, tope liyameze hayo madude. Na baragumu lisipigwe. Madereva wakilisikia, watashuka kuyaondoa."

Sekiete, mlinzi wa ndiva, akatikisa kichwa. "Tangu enzi za baba yangu, ndiva haijafunguliwa kimya."

"Basi nenda kalale, shemeji. Utaamka ukute mtu wa mjini anaoga juu ya mahindi yako."

Watu wakacheka. Sekiete hakucheka, ila alikubali. Wakaapa kwamba aliyekula pilau asiambiwe kitu. Kisha wote wakageuka kumtazama Nakundwa. Nakundwa akaapa.

Alfajiri Mbonea akachukua jembe akazibue mfereji, ndiyo kazi yake ya kila siku. Akasimama mlangoni, akatega sikio.

"Leo Sekiete kimya."

Neno likamjia Nakundwa mpaka kwenye meno. Akamwangalia mumewe. Nikimwambia, akawaza, atakimbilia kwa wenye pilau, na bonde limekwenda. Akalimeza.

"Labda kapitiwa na usingizi," akasema.

"Basi niwahi kabla hajaamka." Akaenda zake, anapiga mluzi.

Nakundwa akabaki jikoni na mwiko mkononi. Akajiambia ataita. Akajiambia Mbonea ataanzia juu, hatafika chini mapema. Alipotoka nje kuita, maji yalikuwa yameshamjibu. Yalishuka yakinguruma mpaka mawe yakakimbia mbele yake. Matingatinga yakazama, yakabaki mabomba ya moshi tu yamesimama kwenye tope kama wachawi waliokutwa na mapambazuko. Kampuni ikakusanya watu wake, ikaondoka. Mbonea walimkuta chini kabisa, kwenye shamba lake mwenyewe, jembe bado ameling'ang'ania.

Walipomaliza kuzika, wazee wakafunga ndiva. Maji yaliyoua mtu hayanyweshi shamba mpaka mwenye kosa atajwe, na ahame Kivindu yeye na watu wake. Ndiyo mila yao. Huku mahindi yanaanza kukunja majani. Kampuni nayo ikatuma salamu: hatuna haraka, yakikauka mtatuita wenyewe.

Wakakaa kikao.

Kadeghe akasema, "Mimi nilitoa maneno tu. Sikushika mlango wa ndiva. Na bila maneno yangu, hapa mlipokaa pangekuwa sebule ya mtu."

Sekiete akasema, "Mkono ni wangu, sikatai. Lakini mlinituma wote, nami nilikataa kwanza. Ningejuaje kuna mtu mferejini saa ile? Aliyejua ni mmoja."

Wakamtazama Nakundwa, kama siku ile ya kiapo.

"Nilijua," Nakundwa akasema. "Mlinitazama hivyo hivyo nikaapa. Ningesema, leo mngeniita msaliti. Nimenyamaza, mnaniita muuaji. Nihame niende wapi, na kaburi nimwachie nani?"

Ndugu mmoja wa pembeni akakohoa. "Basi kosa ni la marehemu. Angekataa pilau, angeambiwa."

Nakundwa hakumgeukia. "Marehemu ameshahama," akasema.



Na nyinyi mnaonisikiliza, msinijibu kwamba kosa ni la kampuni. Kampuni haina nyumba Kivindu, itahama kutoka wapi? Ndiva imejaa mpaka inamwagika ukingoni, mahindi yanakauka chini yake, na wazee hawainuki mpaka litajwe jina moja. Aliyeshauri, aliyefungua, au aliyenyamaza: je, nani ahame?