Petali Isiyo na Dhahabu

Enzi hizo, panga zilizoagizwa pamoja katika mji wa Demirova, huko Uturuki, zilifanana kama shilingi kwa ya pili, na mafundi wake walijisifia hilohilo. Fundi aliyepamba panga mbili zikatofautiana hata kwa kikonyo cha ua, alichekwa sokoni mpaka akabadili njia ya kwenda nyumbani. Na katika mafundi wote hao, hakuna aliyejivuna kama Tahsin.

Kazi yake ilikuwa hivi. Aliukwaruza upanga kwa tupa, akalaza uzi wa dhahabu juu ya mikwaruzo, kisha akaugonga kwa nyundo ndogo hadi dhahabu ikaumana na chuma. Maua ya tulipu yakachanua kutoka mpinini hadi nchani. Siku moja Bi Esma, mjane wa nyumba ya pili, alimwagiza panga mbili za wanawe, Yakup na Selman, waliokuwa wakienda vitani. Tahsin akabuni maua ambayo hakuwahi kumchorea mtu mwingine. Upanga wa Yakup ulitoka safi. Kwenye wa Selman nyundo iliteleza, petali moja ikapinda. Tahsin aliona haya ingawa alikuwa peke yake. Akaikwangua dhahabu ya petali ile, akaitia upya, panga zikawa sawasawa, naye akalala usingizi mnono.

Vijana wakaenda. Majani yalipoanza kupukutika, askari wa kikosi kingine alifika mjini na upanga mmoja. Alisema ni wa marehemu waliyemzika kando ya mto, na jina lake hakulijua. Maua yale yalikuwa ya panga mbili tu duniani, kwa hiyo watu wakampeleka kwa Bi Esma. Bi Esma akaukimbiza upanga kwa Tahsin.

"Fundi, ni mkono wako huu. Niambie, ni wa yupi?"

Tahsin akaugeuza upande huu, akaugeuza upande ule. Akatoka nao juani. Akaipapasa petali ile, ikawa laini kama nyingine zote. Asubuhi aliamini ni wa Yakup, adhuhuri akawa tayari kuapa ni wa Selman, na alasiri hakuwa na hakika hata kama aliutengeneza yeye. Alama pekee iliyokuwapo aliifuta mwenyewe, kwa kuogopa kuchekwa.

"Mama, sijui," alisema, machozi yakimtoka.

"Hujui? Sasa nimlilie nani, Fundi? Nikimtaja Yakup, huenda namwapiza aliye hai. Nikinyamaza, maiti wangu hana wa kumlilia."

Kipupwe kizima Tahsin alimsikia kupitia ukuta. Mjane alianza kuomboleza, akifika kwenye jina anakwama. Alipakua mabakuli mawili ya supu, akaliondoa moja, akalirudisha. Tahsin naye nyundo haikumkaa mkononi.

Theluji ilipoyeyuka, Selman akarudi kwa miguu, upanga wake kiunoni. Bi Esma alimkumbatia akicheka, na kicheko kikakatika katikati, kwa kuwa sasa jina alilijua. Akamlilia Yakup kilio cha miezi yote ile.

Kesho yake alimpelekea Tahsin upanga wa marehemu. "Utie kasoro," alisema. "Panga zote mbili zitakaa pamoja ukutani. Nataka kumjua mwanangu."

Tahsin, ambaye maishani hakuwahi kuharibu kazi kwa kusudi, akashika patasi. Akaing'oa dhahabu ya petali moja karibu na mpini. Kisha akakishika kidole cha mjane, akakiweka pale penye mikwaruzo.

"Ndiye huyu," alisema Bi Esma.

Na tangu siku hiyo, fundi wa Demirova haumalizi upanga. Huacha petali moja bila dhahabu, kila upanga na mahali pake, na kabla haujatiwa alani humwita mama wa kijana atakayeubeba, akakiweka kidole cha mama huyo hapo. Basi mkiuona upanga wa namna hiyo, msimcheke fundi mkidhani alisinzia. Yupo mama aliyeipapasa petali hiyo kabla mwanawe hajaondoka.