Pipa la Rafiki wa Mbali

Mtu mmoja alikuwa na shamba la karanga na rafiki wa mbali. Mtu huyo ni Nyamizi, mjane mwenye watoto wanne. Rafiki yake, Bwana Rusimbi, alikaa mwendo wa siku saba, huko kunakochemshwa chumvi.

Mwaka wa kwanza Rusimbi alimtuma mjumbe na bakuli la chumvi. Nyamizi alifurahi kwelikweli. Na kwa kuwa kwao chombo cha mtu hakirudi kitupu, alilijaza karanga. Mwaka wa pili ilikuja ndoo, chumvi imefunika kitako tu. Akaijaza, maana kurudisha ndoo nusu ni aibu. Mwaka wa tatu likaja pipa, na chumvi ni kiasi kilekile cha bakuli.

Kila safari mjumbe alichinjiwa jogoo, akala, akausifu urafiki mpaka jasho likamtoka. Kwa Rusimbi nako alilishwa vizuri. Uzito wa pipa aliujua punda.

Mwaka wa nne mvua iligoma. Pipa lilipofika, ghalani mlikuwa na mbegu tu. Nyamizi alisimama mlangoni amechoka, amechoka hata kukasirika. Alitaka kukataa, lakini alilelewa kupokea na kurudisha, kukataa hakufundishwa. Mjumbe akamwona anasita, akasema kwa upole, "Dada yangu, udugu hauna mizani."

Nyamizi akamimina mbegu zote.

Msimu wa kupanda ulipofika, alituma salamu kwa rafiki yake kuomba mbegu. Rusimbi hakuwa mtu mbaya. Alihuzunika, akachukua karanga zilezile za Nyamizi, akazikaanga kwa chumvi yake, akamtumia. Zilikuwa tamu. Watoto walizila siku mbili, na mama yao akazitazama zikiisha, akijua kwamba karanga iliyokaangwa haioti. Shamba lilikaa wazi mwaka ule.

Nazo zilikuja ndani ya pipa. Pipa liko uani mpaka sasa, na mjumbe ameketi kivulini, anangoja lijazwe.

Ndugu zangu, wazee wetu walituambia chombo cha mwenzako kisirudi kitupu. Ni nani aliyetuambia kwamba ukubwa wake auchague yeye peke yake?