Amina ya Diwani Senkoro

Mnaosifu wajanja wa kwenu hamjamwona Nakijwa, muuza magimbi wa soko letu.

Diwani wetu, Mheshimiwa Senkoro, alikuwa mlokole asiyejua mchezo. Mikutanoni hakuitisha kura. Alifumba macho tu, akaomba, "Bwana, funga vilabu vya pombe," watu wakaitikia Amina, na vilabu vikafungwa. Alisema jambo likishaitikiwa Amina halina mjadala tena.

Siku moja alikuja kulifuta soko la Jumapili, na Nakijwa hakuwa na siku nyingine ya kuuza.

"Mheshimiwa, mimi sibishani nawe," Nakijwa akasema kwa upole. "Niruhusu tu nikuombee kwanza, baba, maana kazi yako nzito."

Senkoro akatabasamu, akafumba macho.

"Bwana, mpe diwani wetu afya."

"Amina," akanguruma Senkoro.

"Mrudishe kwenye kiti chake uchaguzi ujao."

"Amina!" Hapo alipaza sauti mpaka mbuzi wa mnadani wakashtuka.

"Na soko letu la Jumapili lidumu."

"Amina," akanguruma tena, mdomo ukiwa umeshanogewa. Soko zima likaitikia naye.

Akafumbua macho ghafla. "Aa, mama, hiyo ilikuwa sala tu, si uamuzi."

"Sawa, baba." Nakijwa akawageukia wapika pombe waliofungiwa vilabu, waliokuwa hapo sokoni. "Jamani, mmesikia? Kumbe zilikuwa sala tu. Kafungueni vilabu."

Senkoro alikohoa weee, kisha akasema soko libaki. Jumapili, alipotoka kanisani, alipitia magimbi, na Nakijwa hakumpunguzia bei.