Rangi Chini ya Mkanda wa Shaba

Radi isiyopewa njia hujitobolea. Jana kwenye kikao mlimsikia shangazi yenu akimtupia kaka yake neno hilo, pale kaka alipotaka kijana wake anyamazishwe, nanyi mkabaki kuangaliana. Leo mnataka kujua limetoka wapi. Haya, sogeeni. Wewe, hiyo simu iweke mfukoni, maana sirudii. Wapo watakaowaambia ni neno la wahenga. Wahenga gani? Aliyelisema kwanza alikuwa amevaa ovaroli, na jambo lenyewe lilikuwa hivi.

Kando ya Ziwa Viktoria palikuwa na karakana ya shirika dogo lililobeba wagonjwa kwa ndege kutoka visiwani. Fundi mkuu aliitwa Lufunga, mtu wa miaka thelathini kazini, nadhifu kupindukia. Ndege alizozizoea zilikuwa za bati la alumini. Sasa, bati likiachwa wazi pale ziwani huliwa na unyevu, kwa hiyo kwa Lufunga chuma kisichopakwa rangi kilikuwa aibu, sawa na mtu mzima kutoka nje bila shati. Kila ungio alilipaka rangi kwanza, ndipo akalifunga.

Kisha ikaja ndege mpya, ambayo haikuwa ya bati. Mwili wake ulikuwa wa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Lufunga aliigonga kwa kidole, akacheka. "Hii ni ndege au ungo wa wachawi?"

Bati hupitisha umeme vizuri mwili mzima. Nyuzi zile haziwezi hivyo. Ndiyo maana walioiunda walitandaza wavu mwembamba wa shaba chini ya rangi yake ya nje, na kila kipande wakakiunganisha na mwenzake kwa mkanda wa shaba uliosukwa, ili radi ikipiga puani itembee juu juu mpaka itoke zake upande wa pili. Sharti lilikuwa moja tu: pale mkanda unaposhika, pakwanguliwe mpaka pang'ae, shaba ikutane na shaba bila kitu katikati. Sharti hilo lilikuwemo kitabuni. Lufunga alilisoma, akaguna, na siku ya ukaguzi wa kwanza akapaka rangi kila ungio, kisha akafunga mikanda juu yake. Ilipendeza, hilo siwezi kulikana.

Nyanjige, fundi mwanamke aliyekuwa na mwaka wa pili pale, alipita nyuma yake na mita. Mita ikamwambia umeme haupiti. Akachukua msasa, akafungua mikanda, akakwangua puani, akakwangua mkiani, akakwangua ubawa wa kulia, kila mahali akifunga mkanda upya. Alikuwa ndiyo kwanza anainama kwenye ncha ya ubawa wa kushoto Lufunga alipotokea.

"Weee! Unaikwangua ndege yangu kama sufuria la ukoko?"

"Baba, rangi inazuia. Mita inakataa."

"Hiyo mita yako imezaliwa lini? Huo ubawa nimeufunga kwa mkono huu. Usiuguse."

"Lakini Baba, ikipigwa huku kushoto..."

"Funga mdomo, Nyanjige."

Simu ikalia. Kisiwani mama mmoja alikuwa siku ya pili katika uchungu, mtoto hatoki. Rubani wa zamu alikuwa Minza, na Minza alikuwa mtoto wa pekee wa Lufunga. Alikuja anakimbia, kofia mkononi, akamsalimu baba yake, akapanda. Nyanjige akafungua kinywa, akamwangalia mkuu wake, akakifunga. Lufunga akasaini ruhusa ya kuruka, ndege ikaondoka.

Ilipofika saa tisa alasiri wingu lilikuwa limesimama juu ya ziwa, jeusi, refu, na upepo umekata kabisa. Redioni Minza alisema ana mgonjwa na mkunga, anarudi. Lufunga akatoka nje kumtazama. Aliiona ndege, nukta nyeupe mbele ya weusi ule. Na hapo hapo mbingu ikapasuka. Uzi wa moto ulishuka kutoka winguni, ukaingia katika ile nukta, ukatokea upande wa pili mpaka majini. Sauti ilikuja baadaye, na mabati ya karakana yote yakatetemeka.

Akarudi ndani mbio, redio imenyamaza. "Minza!" akaita. "Minza, mwanangu!" Kimya. Lufunga, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikaa sakafuni, alikaa sakafuni.

Ndege ikatua.

Mama alishushwa kwenye machela akiwa mzima, anauliza kama wamefika, akapelekwa hospitali, na kabla jua halijazama alikuwa amejifungua. Minza alishuka akitetemeka na kucheka kwa pamoja. "Baba, ilitupiga! Niliuona mwanga ukitambaa juu ya pua ya ndege, ukanipita huku na huku, na mimi nimeshika usukani, sikuungua hata unywele! Mungu ni mkubwa."

Wakaizunguka ndege. Puani palikuwa na alama nyeusi isiyozidi punje ya choroko. Mkiani, safi. Ubawa wa kulia, safi. Lufunga aliigusa ile punje kwa kidole. Moto ule wote, uliotikisa paa kutoka mbali vile, ulikuwa umepita kwenye mikanda ya shaba yenye upana wa kidole, kwa upole, kama mgeni aliyefunguliwa mlango.

Kisha wakafika ncha ya ubawa wa kushoto. Lo! Palikuwa na tundu la kuingia kichwa cha mtu. Nyuzi zilikuwa zimechanuka kama katani, na mkanda wa shaba unaning'inia, rangi nyeupe bado imeshika chini yake. Kutoka ukingo wa tundu hadi tangi la mafuta palikuwa na kiganja kimoja. Lufunga alipapima kwa kiganja chake mwenyewe, mara mbili, kisha akauegemeza uso wake kwenye ubawa.

"Nyanjige," akasema bila kugeuka, "ulijua. Mbona hukunipigia kelele?"

"Uliniambia nifunge mdomo, Baba."

Minza aliangalia tundu, akamwangalia baba yake. Lufunga akageuka polepole, macho yamejaa.

"Na wewe nilikupaka rangi," akamwambia Nyanjige. "Nisamehe, mwanangu. Lete msasa."

Akapiga magoti na kukwangua mwenyewe mpaka pakang'aa. Na tangu siku ile, kila mara kabla ya kusaini, aliweka kalamu chini, akawakabili mafundi wake mmoja mmoja, hata yule wa kufagia, akawaambia: "Mwenye neno aseme sasa, hata liwe la kuniudhi. Radi isiyopewa njia hujitobolea."