Mwenyekiti Fisi na Somo la Mwili

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Sema wewe, bibi!

Pakawa shule ya mawe, mwalimu kidole, mwenyekiti gogo. Aliyelala aamke, anayetafuna ameze, nisimulie.

Hapo zamani wanyama walikuwa na shule yao kwenye mlima wa mawe. Mwalimu wao alikuwa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kadogo, kanono, mkia hakana, na meno ya mbele yametokeza kama anacheka hata akikasirika. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Fisi. Fisi alikuwa na nguvu, alikuwa na shingo, alikuwa na tumbo. Akipita, wanyama husema, "Shikamoo, Mwenyekiti." Akishapita, hutema mate. Mbele yake hakutema mtu.

Mwalimu Pimbi alifundisha kusoma, alifundisha hesabu, na kila Ijumaa alifundisha somo la mwili. Nani mwingine aliyethubutu? Alipanda juu ya debe ili aonekane, akataja kila kitu kwa jina lake. Alisema damu ya mwezi si ugonjwa wala si laana. Alisema sauti ya dume linalobalehe ikikwaruza si mafua. Alisema mimba haiji kwa kuruka mtaro wala kwa kula mayai. Inakuja hivi na hivi. Alisema maradhi ya zinaa hayachagui mwenye manyoya mazuri, na kuna kujikinga na kuna kupima. Mwanzoni watoto walicheka mpaka wakaanguka, puu, puu! Baadaye wakacheka kidogo. Mwishowe wakaanza kuuliza, na maswali yao yalikuwa na akili kuliko ya baba zao.

Kisha akawafundisha kujibu.

"Mtu mzima akikupa kitu, akakwambia usiseme, unajibuje?"

Watoto wote wakapiga kwato chini, kwata kwata: "Sitaki! Naondoka! Nakwenda kusema!"

Fisi hakulipenda somo lile. Nitawaambia kwa nini.

Bi Punda Milia alikuwa na mabinti wawili, Siwema na Zena. Siwema, yule mkubwa, alikuwa akiongoza darasani kabla Pimbi hajaja kufundisha. Siku moja akarudi nyumbani na tumbo. Shule ikamfukuza, na aliyetangaza kufukuzwa kwake ni Fisi huyo huyo. Mama akauliza, "Nani?" Siwema akafungua kinywa, neno hakuna. Angelitoa wapi? Kwao mwili uliitwa "huko," na yaliyobaki yaliitwa "mambo yale." Utamshtaki mtu kwa "mambo yale"? Akanyamaza, akalea.

Na sasa Fisi alikuwa anamnyemelea Zena.

Lakini Zena alikuwa amesoma Ijumaa! Akaja kwa Mwalimu Pimbi mbio, tiki tiki tiki.

"Mwalimu, Mwenyekiti kanisubiri kisimani. Kasema mimi si mtoto tena. Kanipa mandazi, kasema nisimwambie mama."

"Ukafanyaje?"

"Nimesema sitaki, nimeondoka, na ndiyo hivi nasema."

"Na mandazi?"

"Nimeyaacha."

"Hapo umenishinda hata mimi, mwanangu. Kosa si lako. Kuanzia leo usiende kisimani peke yako, mengine niachie."

Pimbi akakaa juu ya jiwe lake akafikiri. Akimshtaki Fisi, nani atamwamini? Mtoto mmoja na mwalimu asiye na mkia, dhidi ya Mwenyekiti mzima!

Kabla hajamaliza kufikiri, Fisi akaitisha kikao cha wazazi.

"Wazazi! Watoto wetu wanafundishwa uchafu! Mambo haya ni ya unyagoni. Kungwi si yupo?"

Kungwi wao alikuwa Bi Kobe. Akatoa kichwa polepole. "Mimi humfunda mwari akishaposwa, Mwenyekiti. Anayewindwa njiani hajaposwa. Nimfunde lini?"

"Nyamaza, bibi!"

Bi Kobe akarudisha kichwa. Wazazi wengi walikuwa upande wa Fisi, tusidanganyane. Hata Bi Punda Milia alisema, "Somo hilo lifungwe. Mimi nimeshaaibika mara moja, yatosha."

Pimbi akainama kwa adabu. "Sawa, lifungwe. Ila wazazi wangu, mtu huangalia chumba kabla ya kukifunga. Tuna igizo fupi. Mtu mzima mwovu anamlaghai msichana. Mimi nitakuwa msichana. Mwovu atakuwa Nyani."

"Kwa nini Nyani?" Fisi akauliza.

"Ah, wewe huwezi, Mwenyekiti. Ni kazi ngumu, yataka ulimi."

"Mimi nikose ulimi?"

"Tena kuna kapu zima la mandazi ya kuigizia. Tumeshamwahidi Nyani."

Fisi akameza mate, gudu! "Nyani, kaa chini!"

Pimbi akavaa sketi ya shule, ikamburuta. Wazazi wakacheka. Fisi akasimama mbele yao, kapu mkononi, akatoa sauti ya asali.

"Binti, wewe si mtoto tena."

Watoto wakaitikia: "Sitaki! Naondoka! Nakwenda kusema!"

Fisi akala andazi, nyamu! "Pokea basi, ni zawadi tu."

"Sitaki! Naondoka! Nakwenda kusema!"

Akala jingine, nyamu! "Mama yako ana wivu. Usimwambie."

"Sitaki! Naondoka! Nakwenda kusema!"

Wazazi wakapiga makofi. Makofi yale hayakuwa ya Fisi, naye akalijua hilo. Shingo ikamvimba. Pimbi akamnong'oneza, "Si nilikwambia? Nyani angeshaniweza zamani."

"Kutwa kuringa!" Fisi akafoka, makombo yakiruka. "Siwema naye aliringa hivyo hivyo pale kisimani, na mandazi yangu akala!"

Tii!

Inzi aliyekuwa anaruka akatua.

"Naigiza," Fisi akasema. "Jamani, si igizo hili?"

Bi Punda Milia akageuza kichwa. Siwema alikuwa amesimama nyuma, mtoto mgongoni. "Siwema, mwanangu. Huyu?"

Sasa sikilizeni. Kila Ijumaa Zena alikuwa akilirudia somo nyumbani kwa sauti, na Siwema alikuwa akisikiliza huku akibembeleza mtoto. Maneno alikuwa nayo sasa. Akayasema yote, moja moja, kwa majina yake, mbele ya baba za watu, na sauti haikutetemeka. Waliotetemeka walikuwa wao.

Bi Punda Milia hakulia. Akamsogelea Fisi, kisha akampa mgongo. Fisi akashusha pumzi, akidhani amesusiwa tu. Mjinga! Punda milia akikupa mgongo, kimbia.

Kwaa! Teke likampata kiunoni. Kwaa! Jingine. Ndiyo maana mpaka leo fisi nyuma ameshuka, akitembea utadhani anaomba radhi. Akaukimbia mlima ule, na uenyekiti akauacha hapo hapo pamoja na kapu.

Siwema akarudi darasani, na mtoto akawa analelewa na bibi yake. Somo la mwili likaendelea, na Bi Kobe akawa anakuja kusaidia. Na Pimbi? Pimbi alivua sketi, akapanda juu ya debe, akauliza, "Tuliishia wapi?" Mimi nimeona wakubwa wengi katika maisha yangu, lakini mkubwa kama kale kadogo sijaona.

Hadithi yangu naifunga. Ikiwa tamu, rambeni wote. Ikiwa chungu, ni dawa, mezeni.

Mnataka na funzo? Haya, chukueni. Wazazi wenye haya zenu, msiwafundishe watoto habari za miili yao hata kidogo. Mtoto akijua, atasema. Akisema, mtapata wapi tena mwenyekiti? Mwoneeni huruma Fisi, maskini. Kiuno kinamuuma.